Mtungi, konsentreta au kiwanda: hospitali ndogo ipate oksijeni kwa njia ipi?

Karakana yangu iko Kibuye, Kisumu, upande wa jua kali, ambako nyundo huanza saa moja asubuhi na kunyamaza giza likiingia. Kazi yangu ni kukata na kuunga chuma kwa gesi. Mtungi wa oksijeni kwangu ni kama unga kwa mama chapati: ukiisha, kazi imesimama. Zaidi ya hayo, mimi ni mmoja wa wawakilishi wa wananchi katika kamati ya hospitali ya kaunti ndogo, upande wa Nyando. Mwezi huu mezani petu pana barua tatu. Muuzaji mmoja anataka aendelee kutuletea mitungi. Wa pili anauza konsentreta, zile mashine za magurudumu zinazovuta hewa ya wodini na kutoa oksijeni. Wa tatu anataka kusimamisha kiwanda kidogo ndani ya ua wa hospitali, kisha tuwe tunamlipa kila mwezi.

Barua za namna hii zinafika pia Siaya, Vihiga, Busia na Nakuru. Tangu ipite sheria ya mwaka 2023 inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya na kuzitumia zenyewe, kamati zetu zina sauti katika ununuzi kuliko zamani. Tulizoea kupokea tulicholetewa. Sasa tunachagua, basi nimekaa nikazigeuza njia hizi tatu kila upande, kama ninavyogeuza bamba la chuma kabla sijalilipia.

Sitaanza na bei. Bei ya siku tulivu, wakati hakuna ugonjwa uliotanda, haituambii mengi kuhusu siku tutakayoihitaji oksijeni kwa kufa na kupona. Naanza na swali jingine: huyu anayetuuzia analipwa kwa kitu gani, analipwa lini, na oksijeni isipokuwepo usiku wa manane, nani anakula hasara? Swali hilo sikulitoa kwenye kitabu.

Usiku mmoja wa Juni 2021

Mwezi Mei 2021 virusi vya korona vya aina ya delta, vilivyotambuliwa kwanza India, viligunduliwa hapa Kisumu. Tarehe 1 Juni sherehe za kitaifa za Madaraka zikafanyika kwetu, katika uwanja wa Jomo Kenyatta, Mamboleo. Mji ulipambwa, wageni wakaja, na sisi wenye biashara, tuliokuwa tumebanwa na kafyu tangu Machi 2020, tulifurahi kuona pesa inazunguka. Mimi pia niliunga vyuma vya uzio wiki hiyo, nikalipwa vizuri. Tarehe 18 Juni serikali ikaziwekea masharti kaunti 13 za ziwa na magharibi: kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na masoko yasiyo ya chakula wala mifugo yafungwe kwa siku 30.

Katika siku hizo shangazi yangu, dada ya marehemu baba, alilazwa. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu kilisoma asilimia 84. Mtu mzima mwenye afya husoma 95 kwenda juu; chini ya 90, anahitaji oksijeni. Akavalishwa barakoa yenye mfuko, lita 10 kwa dakika. Ilipokaribia saa tatu usiku sista wa zamu aliniita mlangoni.

"Baba, geji inashuka na hatuna mtungi mwingine. Oda yetu iko kwa muuzaji tangu juzi. Kama kuna mtu unamjua, mpigie sasa."

Nilimjua. Ni mtu niliyekuwa nimenunua kwake gesi ya karakana kwa miaka. Nilipompigia hakuuliza hata mgonjwa ni nani. "Fundi, uko na pesa mkononi? Kuja uchukue. Hizo hospitali nazidai tangu mwaka jana."

Nikaenda na Probox ya jirani. Nikachukua mtungi mweusi wenye mabega meupe, ambao ndio wa hospitali. Wangu wa karakana ni mweusi mwili mzima. Nikaufunga kwa kamba usibingirike. Kwenye kizuizi cha barabara askari alimulika tochi ndani ya gari, akauona mtungi, akatufungulia njia bila neno. Shangazi alivuka usiku ule na yu hai hadi leo. Kitanda cha pili alilala mzee ambaye watoto wake hawakuwa na namba ya muuzaji wa oksijeni, wala pesa ya kumlipa saa hizo. Kulipopambazuka kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

Nimeufikiria usiku ule miaka yote hii. Muuzaji yule si mtu mbaya. Lori lake linataka dizeli, na kiwanda kinachomjazia mitungi kinataka pesa yake mwisho wa mwezi. Analipwa kwa mtungi unaotoka langoni, kwa hiyo anayelipa leo anapita mbele ya anayelipa mwakani. Matokeo yake, fundi wa vyuma alipata oksijeni kabla ya hospitali nzima. Deni la kaunti lililokuwa kwenye faili Kisumu lilishuka likafika kwenye kitanda cha yule mzee.

Tuliyaona hayohayo kwenye chanjo. Tarehe 3 Machi 2021 Kenya ilipokea dozi milioni 1.02 za AstraZeneca kupitia mpango wa Covax, za bure, na foleni ikawa ndefu. Mwezi huohuo chanjo ya Sputnik V ikaingizwa na wafanyabiashara na kuuzwa Nairobi kwa takriban shilingi 8,000 kwa dozi. Tarehe 2 Aprili serikali ikapiga marufuku uingizaji wa chanjo wa kibinafsi. Majirani zangu wa mitumba hapa Kibuye wana ushahidi wao pia. Mwishoni mwa Machi 2020 mitumba ilizuiwa kuingia nchini kwa sababu ya afya, na papo hapo ikasemwa kuwa hatua hiyo itainua viwanda vya nguo vya nyumbani. Zuio liliondolewa Agosti mwaka huohuo. Afya na biashara hukaa benchi moja, na mwanakamati anayejifanya haoni hilo atasaini chochote atakacholetewa.

Mitungi

Naanza na mtungi kwa sababu ndio tulio nao, na kwa sababu naujua kwa mikono yangu.

Sifa yake kubwa ni kwamba hauhitaji stima. Ukifungua koki, oksijeni inatoka, iwe mvua imeangusha nguzo au la. Muuguzi yeyote anaweza kuutumia. Geji ikiharibika unabadilisha kwa dakika chache. Oksijeni inayotengenezwa kwa kupoza hewa hadi iwe kimiminika, nyuzi 183 chini ya sifuri, ni safi kwa zaidi ya asilimia 99, na kwa ajili hiyo chumba cha upasuaji kinaupenda mtungi.

Hesabu yake lakini inadanganya. Mtungi mkubwa hubeba takriban lita 6,800. Mgonjwa mmoja wa lita 10 kwa dakika, kama alivyokuwa shangazi, anaumaliza kwa saa 11 na dakika 20. Mtoto mchanga wa lita moja kwa dakika anakaa nao zaidi ya siku nne. Sasa chukua mitungi kumi. Kwa watoto watano wa nimonia, hiyo ni siku tisa. Kwa watu wazima kumi wa delta, ni usiku mmoja. Kamati inayopanga oda kwa matumizi ya mwaka uliopita imepanga kwa ajili ya wale watoto watano, na wimbi la ugonjwa halitampigia mwenyekiti simu kabla ya kuja. Februari 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wagonjwa nusu milioni wa korona katika nchi za kipato cha chini na cha kati walihitaji mitungi milioni 1.1 kila siku. Hakukuwa na malori ya kubeba mzigo huo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi kwenye kamati hawalijui: mara nyingi mtungi wenyewe si wa hospitali. Ni wa kampuni. Hospitali inalipa amana, inalipa kodi ya mtungi, kisha inalipa gesi. Nimewahi kubeba mtungi wenye muhuri wa kampuni moja hadi kwa kampuni nyingine nikakataliwa kujaziwa, nikarudi nao mtupu. Kwa karakana hiyo ni hasara ya siku moja. Kwa wodi ni kufungwa mikono: huwezi kumwacha muuzaji wako hata akichelewa, kwa sababu ukimwacha anaondoka na mitungi yake. Wimbi la Machi 2021 lilipopanda, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe aliagiza watu waliokuwa wamekalia mitungi isiyotumika wairudishe, maana upungufu wa vyombo vya kubebea ulikuwa mkali sawa na upungufu wa gesi yenyewe. Nilikuwa na miwili mitupu nyuma ya karakana, nimeifunika gunia. Nikaipeleka.

Jambo moja la usalama, na ninalisema kama fundi: mtungi wa karakana usiingizwe wodini hata hali ikiwa mbaya namna gani. Gesi inaweza kuwa imetoka kiwanda kilekile, lakini hujui koki ile imeshikwa na mikono gani, wala kama gesi ya kukatia iliwahi kurudi nyuma ikaingia ndani. Na mtu asipake mafuta wala grisi kwenye koki ya oksijeni ili izunguke vizuri. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na grisi inawaka. Nimeona geji ikipasuka na kuacha alama nyeusi ukutani ya upana wa sinia.

Kwa lile swali langu: muuzaji wa mitungi analipwa kwa kila mtungi. Wakati wa wimbi anapata zaidi, kwa hiyo ana hamu ya kuuza, ila anamuuzia kwanza mwenye pesa na aliye karibu. Kiwanda kikiwa Nairobi, ni zaidi ya kilomita 300 hadi Kisumu, kisha ndipo aanze kutafuta barabara ya kwenu. Siku tulivu, hospitali ya mitungi minne haimlipii hata safari, kwa hiyo anasubiri oda zijazane. Oksijeni isipofika, hasara inakuwa ya mgonjwa peke yake. Mkataba wetu wa sasa hauna hata mstari mmoja unaosema vinginevyo. Nimeusoma mara mbili.

Konsentreta

Hapa sina mengi. Mashine hii huvuta hewa ya kawaida, ambayo asilimia 21 ni oksijeni na asilimia 78 ni nitrojeni, huipitisha kwenye punje za zeolaiti zinazoshika nitrojeni, na kinachobaki ni oksijeni ya asilimia 93 hivi. Iko ya lita 5 na iko ya lita 10 kwa dakika. Ile ya lita 5 hula stima takriban wati 350, yaani chini ya birika la umeme kwa mbali sana. Ukiigawanya kwa mipira midogo, inaweza kuhudumia watoto watano wa lita moja moja. Kwa wodi ya watoto na ya wazazi sijaona kitu cha kuishinda. Haisubiri lori, haimwombi mtu, inafanya kazi Krismasi.

Haitoshi kwa mgonjwa mzito. Mtu anayehitaji lita 15 hawezi kuokolewa na mashine ya lita 5, na mashine za chumba cha wagonjwa mahututi, zinazoweza kutaka hadi lita 60 kwa dakika, ndiyo kabisa. Stima ikipotea, inazima papo hapo.

Ubaya wake wa siri ni huu: ikichoka haifi, inaendelea kuunguruma. Vumbi likijaa kwenye kichujio, au unyevunyevu wa huku ziwani ukiziharibu zile punje, inaendelea kupuliza hewa, mipira puani inatoa upepo, muuguzi anaona kazi inafanyika, kumbe mtoto anavuta hewa ileile ya wodini. Kichujio cha nje lazima kioshwe kila wiki. Usafi wa oksijeni lazima upimwe kwa kifaa chake, na mashine isiyo na kengele ya kuonya usafi ukishuka msiipokee hata ya zawadi.

Muuzaji wa konsentreta analipwa mara moja, siku ya kukabidhi. Baada ya hapo hana sababu ya kurudi, labda kuuza nyingine. Kwa hiyo ukiinunua, nunua pamoja na vichujio vya akiba vya miaka miwili, kifaa cha kupimia, na mafunzo kwa fundi wa vifaa wa kaunti na kwa wauguzi wawili, vyote kwenye oda moja. Akisema vipuri mtavipata baadaye, chukua barua ya mwingine.

Kiwanda ndani ya ua

Hii ndiyo njia inayopendwa na wanasiasa, kwa kuwa ina utepe wa kukata. Nisieleweke vibaya: ni njia nzuri sana ikifanywa sawasawa. Kanuni yake ni ileile ya zeolaiti, ila kwa ukubwa wa chumba kizima: kompresa, matangi, vikaushia hewa, na mabomba yanayokwenda hadi kitandani. Hospitali kubwa kama ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ya walioijenga, haiwezi kuishi kwa kubingirisha mitungi usiku na mchana.

Siaya walianza mapema. Hewatele, kampuni ya kijamii, ilisimamisha kiwanda katika hospitali ya rufaa ya kaunti miaka kadhaa kabla ya korona, ikawa inahudumia hospitali hiyo, inajaza mitungi, na kuipitisha kwenye vituo vya jirani kwa ratiba, kama mwenye maziwa anavyopita nyumba kwa nyumba. Ninachokipenda hapo ni kujaza mitungi. Kiwanda kisicho na kompresa ya kujazia mitungi kinazima pamoja na stima, na wodi nzima inazima nacho. Kikiwa nayo, kinaweka akiba usiku na kuhudumia zahanati tano au kumi zilizo kando yake, na zile zahanati zinaacha kumtegemea mtu wa mbali. Ukiona michoro ya kiwanda haina sehemu ya kujazia mitungi, uliza kwa nini kabla hujauliza bei.

Sasa nani analipwa? Hapa kuna aina mbili, na zimetofautiana kama usiku na mchana.

Ya kwanza ni ya kununuliwa au kupewa. Mfadhili au kaunti inalipa, mkandarasi anafunga mitambo, picha zinapigwa, anaondoka. Amekwisha lipwa. Mwaka wa pili kichujio kinaziba, mwaka wa tatu bodi ya umeme inaungua kwa sababu stima yetu inapanda na kushuka, na hakuna mtu hata mmoja ambaye mshahara wake unategemea mtambo ule kuamka. Hospitali inarudi kwenye mitungi, kiwanda kinabaki kimefungwa kufuli. Fundi wa mitambo hiyo ni mshahara wa kila mwezi, na bajeti yetu ya kaunti hupenda kununua kitu kuliko kumlipa mtu.

Ya pili ni ile ya barua yetu ya tatu: mwenye kiwanda anabaki kuwa mwenyewe, anakitunza, anatuuzia. Huyu ana sababu ya kuamka usiku. Lakini tuna kumbukumbu mbaya. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa iliingia mikataba ya kukodi vifaa vya hospitali kwa hospitali 98 nchini, shilingi bilioni 38 kwa miaka saba, na kaunti zikawa zinakatwa kiasi sawa bila kujali kaunti ina nini na inakosa nini. Kamati maalum ya Seneti ilipochunguza, ripoti yake ya 2020 ilieleza mashine zilizokaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, stima au maji, huku malipo yakiendelea. Kampuni zililipwa kwa kuleta mashine. Hakuna aliyelipwa kwa mgonjwa kupimwa.

Kwa hiyo, mkataba wa barua ya tatu ninausoma nikitafuta sentensi moja tu: malipo ya mwezi yanahesabiwaje? Ikiwa ni kiasi kisichobadilika, tumerudi 2015. Ikiwa ni kwa kila lita tu, mwenye kiwanda atatupenda wakati wa wimbi na kutusahau wakati wa utulivu, na tena anaweza kuwauzia wengine lita zetu kwa bei ya juu. Ninayoitaka ni ada ya kila siku ambayo oksijeni ilikuwepo kitandani kwa mgandamizo na usafi uliokubaliwa, imesainiwa na muuguzi wa zamu, na siku ambayo haikuwepo inakatwa maradufu. Hapo ndipo hasara ya usiku ule wa manane inapomfikia na yeye. Barua ya tatu ilivyo sasa inadai kiasi kisichobadilika kwa miaka kumi. Sikubaliani nayo hivyo ilivyo.

Nani achague nini

Zahanati isiyolaza wagonjwa, au kituo cha vitanda kumi: konsentreta mbili za lita 5, mitungi miwili ya akiba kwa ajili ya stima kupotea, na kile kifaa cha kidoleni cha kuaminika. Msihangaike na kiwanda, hata mkipewa bure. Kulipia stima yake kutawamaliza.

Hospitali ya kaunti ndogo kama yetu: konsentreta kwa watoto na wazazi, ambako ndiko oksijeni nyingi ya kila siku inakoenda, korona iwepo au isiwepo, nimonia na malaria kali havikuondoka. Mitungi kwa chumba cha upasuaji na kwa wagonjwa wazito. Lakini mitungi hiyo tuinunue iwe yetu, hata kama tutaanza na sita, na mkataba useme tunajaziwa ndani ya saa 24 hata kama muuzaji ana wateja wa pesa taslimu mlangoni. Ili tuweze kudai hivyo, hospitali nayo iweke akiba ya malipo ya miezi miwili kwenye akaunti ya oksijeni isiyoguswa kwa petroli ya magari wala posho za mikutano. Huwezi kumtaka mtu akutangulize foleni huku unamdai uvumilivu wa mwaka mzima. Kwenye hili kosa lilikuwa letu pia, upande wa wanunuzi, na wale waliolipia hawakuwa wanakamati.

Hospitali ya rufaa, au kaunti mbili zikiungana: kiwanda chenye kujaza mitungi, jenereta yake, na fundi aliyeajiriwa kabla msingi haujachimbwa. Kisumu, Vihiga na Nandi ziko karibu kiasi kwamba lori moja linaweza kuzizungukia kwa siku. Nyie wa Nakuru mna hospitali kubwa na barabara nzuri. Kwenu hesabu hii ni rahisi kuliko kwetu.

Kabla ya yote hayo, mwenyekiti aulize kwa sauti chumbani: nani hapa ana biashara au undugu na mmoja wa wauzaji? Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inamtaka mwenye maslahi ajitaje na asishiriki. Tumeshaona kinachotokea swali hilo lisipoulizwa. Mwaka 2020 ukaguzi maalum wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulipitia ununuzi wa vifaa vya korona wa shilingi bilioni 7.8 katika bohari ya dawa ya taifa, KEMSA, na kukuta vifaa vilivyonunuliwa kwa bei ya juu vimelala ghalani. Wakati huohuo wauguzi wetu walikuwa wakifua barakoa za kutupwa na kuzianika kwenye kamba.

Kwenye kikao chetu cha Jumanne nitaanza mimi. Mmoja wa wale watatu ndiye ninayenunua kwake gesi ya karakana, na mara nyingine ananipa kwa mkopo. Nimekwisha mwambia mwenyekiti, na kura ya muuzaji nitawaachia wenzangu. Nitakachowapelekea ni daftari la zamu la wodi ya watoto, ambalo sista ameniruhusu kulinakili: kila usiku stima ilipopotea tangu Januari, saa iliyopotea, saa iliyorudi, na watoto wangapi walikuwa kwenye oksijeni.